Mto Uliopanda Mlima

Tulipotumwa kupima mteremko wa mto unaopita mtaa wa Kibera, mwenzangu, mtu wa mtaa wa Kawangware, alipewa darubini ya kupimia, akasimama ukingoni na viatu vyake safi. Mimi, mzaliwa wa Laini Saba, humo humo Kibera, nilikuwa ndani ya maji machafu nikimshikia rula ndefu. Eti ndiye mwerevu! Wivu ukanikaba. Mahali pamoja niliisimamisha rula juu ya rundo la takataka badala ya chini kabisa mtoni, makusudi, ili aaibike.

Mchoro wa vipimo vyetu ulipotoka, mto ulikuwa unapanda mlima. Bosi akafoka, "Nani amefanya huu ujinga?"

"Ni mimi," mwenzangu akasema. "Nilisoma vibaya."

Na alikuwa ameniona vizuri kwenye ile darubini. Hata kwa wema alinishinda, na hilo sijamsamehe.