Siku Niliyowakimbiza Kinamama wa Bububu

Kuna watu wa Bububu ambao wakinisikia natajwa huweka kikombe chini kwanza, wakacheka, ndipo wakauliza kama nshaoa. Nami sina la kujitetea, maana kinamama wazima niliwakimbiza mchana kweupe, tena harusini, bila ya mimi mwenyewe kuinuka kitini.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimerudi Unguja kutoka Mombasa, Tanga na kwengineko (miguu yangu haijui kukaa), nikawa napiga fidla katika kikundi cha taarab cha mtaani kwetu. Kiongozi wetu, Maalim Khatibu, aligonga mguu mara nne kabla ya kila wimbo, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani, na mwendo alioutoa yeye ndio tulioufuata sote. Mimi nikinung'unika. Wimbo ukishaanza, nikisema, unaweza kwenda Darajani ukanunua samaki, ukarudi ukaukuta ubeti wa pili.

Basi siku ya harusi ya Bububu Maalim akashikwa na homa, akaniachia mimi uongozi. Na mimi nilikuwa naililia nafasi ile, kwa sababu nilikuwa nimeposa binti mmoja, Rukia, na jibu lilikuwa kwa shangazi yake, Bi Zuwena, ambaye ndiye mwenye shughuli. Alishasema wazi: "Jibu ntatoa nikishamwona kwa macho yangu."

Njiani nikamwambia Makame, mpiga dumbak, ngoma yetu ya mkono, kwamba leo ule wimbo mkubwa tutaupiga kwa kasi, mara mbili ya Maalim, kama tulivyojaribu mazoezini.

"We Seif, Maalim anajua?"

"Maalim anaumwa."

"Na wewe hujambo?"

Wenzangu wakacheka garini mpaka tukafika.

Alasiri, turubai limejaa kinamama, marashi kila upande, nikagonga mguu mbio mbio, nikafumba macho, nikaanza. Kulikuwa kutamu! Sasa niseme jambo ambalo kila mtu Unguja analijua na mimi nililisahau. Wimbo ukimgusa mtu huinuka na noti yake mkononi akamtunze mwimbaji, na haendi kama aendaye dukani. Huja kwa hatua za dumbak, mkono juu, shingo kailegeza, watu wamtazame alivyovaa. Mazoezini tulikuwa wanaume watupu, hakuna wa kuinuka, ndiyo maana kasi yangu ilipendeza.

Nilipofumbua macho nikaona safu nzima ya kinamama inanijia mchakamchaka. Mbele yao Bi Zuwena, mwanamke wa mwili, goti moja bovu, viatu vya visigino, anarukaruka kama anayevuka lami ya saa saba bila viatu, na mkono bado uko juu na noti yake, maana kutoka nje ya mapigo ya ngoma mbele ya wageni wake ilikuwa aibu kubwa zaidi. Mwimbaji wetu naye pumzi zimemwisha, ule ubeti wa kuliza watu unamtoka kama anayenadi samaki.

"Punguza, punguza!" Makame akaninong'oneza.

Nikapunguza, na hilo likawa kosa kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa nilipunguza ghafla, Makame akanifuata, mpiga udi na mpiga rika, ile tari ndogo, wakaendelea na safari yao, na Bi Zuwena, mguu mmoja ukinifuata mimi na mwengine ukiwafuata wao, akasimama. Wa nyuma yake hawakusimama. Wakamsukuma, akaja moja kwa moja akakaa juu ya ganuni, kinanda chetu cha nyuzi kilicholala kama meza, nyuzi zote zikalia kwa pamoja, na wimbo ukaishia hapo.

"Nani anaongoza leo?" akauliza, akiwa bado pale pale juu ya ganuni.

Nyuta zote za fidla zikanielekea mimi.

"Ndiye huyu anayemtaka Rukia?"

"Naam," nikasema. "Shikamoo, shangazi." (Sijui ilinitoka wapi.)

"Marahaba. Wimbo mmoja umekushinda kuutuliza, mwanangu, nawe umekaa kitini. Mtoto wa watu utamweza?"

Vicheko vilivyofuata sivielezi.

Kesho yake nikaenda kumwungamia Maalim kitandani. "Uliwatazama miguu?" akaniuliza. Nikamwambia nilifumba macho. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi namtafuta aliye mzito kuliko wote," akasema, "nikampigia yeye. Wengine hawana taabu."

Rukia akaolewa na fundi cherahani wa mtaa wa Amani, na harusini tukaitwa sisi kupiga. Maalim, kwa huruma au kwa ukatili, akaniambia nigonge mimi. Sikumtazama bibi harusi hata mara moja. Nilitazama goti la Bi Zuwena tu. Akaja taratibu, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa, akampita mwimbaji, akanitia noti mfukoni mwa shati.

"Hivi ndivyo," akasema. "Laiti ungeanza hivi."

Nimeapa kutogonga mguu tena mbele ya watu, na sijagonga. Mwendo sahihi niliupata siku moja tu, nao ulikuwa wa kumsindikiza Rukia kwa mwanamme mwengine.