Kanzu ya Ijumaa, Joho la Jumapili

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa fundi huyu wa cherehani havikunjiki tena. Polisi walivivunja kituoni, juu ya meza, kwa sababu ya kanzu moja na joho moja.

Ni saa mbili asubuhi na kibanda chake kiko wazi. Mkewe ameinama juu ya kitambaa cha bluu, mkasi mkononi. Yeye amekaa pembeni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anaelekeza kwa kidevu.

"Toka nje ya mstari wa chaki kidogo, mama. Hapo hapo. Usiubane mkasi, hautoroki."

"Mimi nimetia vifungo miaka kumi na tisa, kukata umenifundisha juzi," mkewe anajibu bila kuinua kichwa. "Ukinikimbiza nitakutolea suruali ya mguu mmoja."

Mtaani wanamwita Mzee Futi. Kwa miaka mingi alishona nguo za ibada za pande mbili: kanzu za wazee wa msikiti anaosali mwenyewe, na majoho ya kwaya ya kanisa la barabara ya pili. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha ukaja uchaguzi, na mgombea mmoja akaja na shida yake.

Mgombea huyo ni mtu wa mtaa huo huo. Bega lake la kushoto limeshuka tangu utotoni, na watu humwita Bega, naye huitika. Nguo za dukani hazimkai. Ndiyo maana siku zote alishonewa na Mzee Futi, aliyejua kulishusha bega la kushoto ili kola ikae sawa. Dini yake haikujulikana. Hakuonekana msikitini wala kanisani, na kabla ya kampeni hakuna aliyemuuliza.

"Wapinzani wake wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakisema, mtamchaguaje mtu asiye na Mungu," anasimulia Mzee Futi. "Akaja hapa jasho linamtoka. Akaniambia, fundi, nishonee kanzu ya Ijumaa na joho la kwaya la Jumapili. Nikamuuliza, zote mbili, mheshimiwa? Akasema, wewe shona."

Alishona. Alipomaliza kupiga pasi alifanya kile ambacho mafundi wengi hufanya: alizitundika mlangoni zipoe, maana nguo ikikunjwa na unyevu wa pasi hupata makunyanzi. Kanzu huku, joho huku, na mabega yote ya kushoto yameshuka sawasawa.

Fundi viatu, jirani yake, ndiye aliyeona kwanza.

"Futi, hilo bega nalijua," alisema. "Sasa huyu bwana ana dini ngapi?"

"Mimi nimepima kifua na kiuno," Mzee Futi akamjibu. "Imani, futi yangu haifiki."

Walicheka. Wateja waliokuwa wakisubiri viatu nao walicheka, na mmoja wao akatoa simu akapiga picha. Kufika jioni picha ilikuwa imezagaa kila mahali, na maneno ya futi yameandikwa chini yake.

Kesho yake askari wanne walifika na gari, bila hati yoyote. Walibeba kanzu, joho, cherehani na fundi mwenyewe.

"Cherehani wakaiita kielelezo," anasema mkewe. "Nikauliza, kielelezo cha nini? Wakasema nikiuliza tena nitapanda na mimi."

Kituoni aliambiwa amekashifu dini. Dini ipi, hawakusema. Mkuu wa kituo alitaka jambo moja: fundi aseme mbele ya kamera ya simu kwamba Bega hakuagiza nguo zile, kwamba alizishona kwa kulipwa na wapinzani ili kumchafua.

"Mara ya kwanza nilikataa. Nikasema nguo ni zake, bega ni lake. Mkuu akamwambia askari, mlaze mkono mezani. Rungu likashuka. Mkono wa kushoto nao ulikuwepo. Niliuona bado mzima. Nikasema yote waliyotaka."

Aliachiwa siku ile ile. Hakufikishwa mahakamani. Video yake ilifika nyumbani kabla yake.

Wazee wa msikitini walikuja kumwambia, kwa upole, kwamba hawawezi kuvaa kanzu ya mtu aliyekubali kulipwa aifanyie mzaha. Mwalimu wa kwaya hakuja. Alituma mtu achukue vitambaa ambavyo havijakatwa.

Bega alishinda. Siku ya kuapishwa alivaa suti ya dukani. Mzee Futi alimtazama kwenye runinga ya kinyozi, akaona kola imepinda.

"Nikajikuta nawaza namna ya kuirekebisha," anasema. "Ujinga huo."

Alijaribu kulalamika. Aliambiwa malalamiko dhidi ya polisi yaanzie kituo kinachohusika. "Nikafika kaunta nikamkuta yule yule wa rungu. Akaniuliza, mzee, tukusaidie nini? Nikamwambia nimepotea njia."

Fundi viatu bado yuko mlango wa pili, ila utani umekwisha. "Tulikuwepo, tunajua nguo zilikuwa za nani," anasema. "Lakini nikisema ukweli sasa, ninamwita mwenzangu mwongo. Ametufunga midomo."

Mzee Futi hapingi. "Vidole walivunja wao. Jina langu nimelivunja mwenyewe."

"Na wangevunja mkono wa pili, nani angenifundisha kukata?" mkewe anamuuliza.

Mzee Futi anachukua mkasi kwa mkono wa kushoto na gazeti kuukuu, anakata mstari unaoyumba. Hufanya hivyo kila asubuhi. Anataka ifikapo muhula mpya wa shule aweze kukata sare za wanafunzi. "Sare haina msikiti wala kanisa," anasema.

Hadi sasa hasara ni hii. Vidole viwili. Cherehani moja, ambayo bado iko kituoni. Wanashonea ya kuazima. Kanzu zote za wazee na majoho thelathini na mawili ya kwaya. Nguo kumi kwa wiki zimekuwa tatu, nyingi za kupunguza urefu tu. Jirani mmoja wa kucheka naye. Na nafasi yake ya safu ya mbele msikitini, siku ya Ijumaa, ambako sasa anasimama mtu mwingine.