Kosa la Fideli Kwenye Kitabu cha Mzee Len

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni Jumamosi moja ya kiangazi cha kwanza cha korona, kwenye uwanja wetu wa besiboli pale Minto, kitongoji chetu cha huku ugenini. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, nina wajukuu, nafundisha watoto Biblia kila Jumapili, na nilidhani najua tayari jinsi ya kumpenda mtu. Siku hiyo Mungu alinirudisha darasani.

Wewe umeikuta klabu ina jezi nzuri na watoto wanaobishana kwa Kiingereza. Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha rangi waliofyeka majani ya uwanja kwa mikono yao. Mmoja wao alikuwa Len, ambaye sisi tulimwita Mzee Len, naye akalipenda jina hilo. Baadaye wakaja Wafilipino, wakaja Wasamoa, na mwisho tukaja sisi, Warundi na Wakongo kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, ambao hatukuwahi kuona mtu anapiga mpira kwa rungu halafu anakimbia mduara kurudi pale pale alipotoka. Tulicheka sana. Kisha tukajiunga.

Tangu mwaka wa kwanza, Mzee Len aliandika kila mechi kwa penseli: nani alipiga, nani alikimbia, nani alikosea. Vitabu vyake vilijaa sanduku zima la bati.

Korona ilipokuja, kanisani tulikatazwa kuimba. Wewe hujui uchungu wa Mkongo kukaa kanisani bila kuimba. Basi Jumamosi watu walikuja uwanjani, kila familia na mkeka wake mbali na wenzao, tuonane tu. Mzee Len mapafu yake yalikuwa mabovu, na daktari alimkataza kukaa karibu na watu. Akanikabidhi kitabu. Yeye akawa anatazama mchezo akiwa ndani ya gari lake nje ya uzio, vioo vimepandishwa. Mechi ikiisha, nilikuwa nakwenda kukibandika kitabu kwenye kioo cha gari, yeye anasoma ukurasa na kunisahihisha kwa simu.

Wiki ile Fideli alifiwa na mama yake. Fideli ni yule Mrundi mrefu wa ghala la vyakula, unamjua. Mama yake alibaki kambini, upande wa Kigoma. Mipaka ilikuwa imefungwa, ndege hakuna. Alitazama mazishi kwenye simu, na mtandao ukakatika kabla kaburi halijafunikwa. Jumamosi akaja kucheza.

Mrushaji wetu, yule anayemtupia mpigaji mpira, alikuwa Tavita, kijana wa Kisamoa. Msimu huo alitafuta nafasi kwenye timu ya wilaya, ambayo alikuwa ameililia miaka mitatu. Wachaguzi hawakuweza kuzunguka viwanjani kwa sababu ya korona, kwa hiyo walisoma vitabu vya mechi tu. Jumapili baada ya ibada nilipaswa kuwatumia picha ya ukurasa wangu.

Karibu na mwisho, Tavita alirusha vizuri, na yule mpigaji akaupandisha mpira juu, mrahisi, moja kwa moja kwa Fideli. Fideli alikimbia, akafika chini yake, mpira ukaingia kwenye glavu, na ukatoka. Wawili wa upande wa pili wakakimbia hadi nyumbani, yaani pale mpigaji anapoanzia, wakapata pointi mbili. Tukashindwa.

Hakuna aliyemsema. Hapo mimi nilipaswa kuandika kosa mbele ya jina la Fideli. Nikamtazama amesimama kule nyasini na mikono yake mitupu, nikashindwa. Niliandika kwamba mpigaji alipiga pigo zuri lisilodakika. Nikaona nimemsitiri ndugu yangu, nikamshukuru Mungu kwa moyo wa huruma alionipa.

Nikaenda kwenye gari, nikabandika kitabu kiooni. Mzee Len alivaa miwani, akasoma, akanipigia.

"Mama Neema, mpira uliingia kwenye glavu."

"Amefiwa, Mzee."

"Najua amefiwa. Nimempelekea supu mlangoni. Sasa niambie, Tavita amekosa nini?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mimi ninavyowaeleza watoto wa Jumapili. Kosa la mdakaji likiandikwa, mrushaji hahesabiwi zile pointi mbili. Likifichwa, zinamwangukia yeye. "Hukulifuta," akasema. "Umelihamisha. Umemwekea mtu ambaye hakuwa anatazama."

Mwanangu, miaka mingi nimewafundisha watoto ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Sikujua kwamba inaweza kuvunjwa kwa machozi ya huruma.

Nilipogeuka, Fideli alikuwa nyuma yangu, hatua kadhaa, barakoa usoni. Alikuwa amesikia upande wangu wa mazungumzo, na ukurasa ameuona.

"Mama, kosa langu liko wapi?"

"Nilitaka upumzike, mwanangu."

"Andika. Kwenye maziko ya mama yangu sikuwepo. Hapa nilikuwepo. Andika nilikuwepo."

Mzee Len, ambaye simu yake ilikuwa bado wazi, akaniuliza kijana anasema nini. Nikamtafsiria. Akavua miwani, akasema: "Mwambie ambaye hakuufikia mpira haandikiwi kosa. Yeye aliufikia. Na mwambie kosa langu la kwanza liko kwenye kitabu cha kwanza kabisa sandukuni. Nilirudi Jumamosi iliyofuata."

Nikafuta, nikaandika upya juu ya boneti ya gari. Tavita alikuja kuchungulia, akamgonga Fideli kwa kiwiko. "Jumamosi ijayo acha glavu, njoo na ndoo." Fideli akacheka, mara ya kwanza wiki ile, halafu akalia, na sisi tukasimama mbali mbali kama sheria ilivyotaka, tukimsubiri amalize.

Tavita alichaguliwa. Mwaka uliofuata uwanja ulifungwa kwa miezi, majani yakatufikia magotini, tukayafyeka wenyewe kama wale wa kiwanda cha rangi. Leo Mzee Len anakaa kando yangu kwenye benchi na kukosoa mwandiko wangu. Namshukuru Mungu kwa kila neno lake.

Basi sikiliza. Ukimhurumia mtu, mbebee mzigo wake wewe mwenyewe. Usimtwike mwingine asiyejua. Mpelekee supu, simama naye akilia, lakini ukweli wake uache mahali pake. Na siku utakapoangusha kilichokuwa tayari mkononi mwako, usiombe jina lako lifichwe. Rudi Jumamosi inayofuata.

Mungu akupe miguu ya kufika, mwanangu. Mikono yako ikishindwa, akupe watu watakaokaa na wewe mpaka umalize kulia, na mmoja miongoni mwao wa kukuchekesha. Amina.