Kiti cha Brigitte na Chilufya

Brigitte alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kamalondo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, ambaye polio ilimkausha miguu yote miwili tangu utotoni. Siku za kazi alitembea kwa magongo, polepole, na watu walimpisha huku wakimpa pole. Lakini Jumamosi mchana, kwenye kiwanja cha saruji cha parokia, aliketi katika kiti chenye magurudumu yaliyolala upande, akacheza basketi, na hapo hakuna aliyemwonea huruma.

Kiti hicho hakikuwa chake peke yake. Chama chao cha wachezaji walemavu kilipata viti sita vya michezo, na wachezaji walikuwa saba. Kimoja kilikuwa chembamba kuliko vingine, na wembamba walikuwa wawili tu: Brigitte, na Chilufya, fundi wa redio wa mtaa wa Naviundu. Katika viti vipana walianguka kila walipogeuka. Basi wakagawana kile kimoja. Brigitte alicheza kipindi cha kwanza. Mapumziko yalipofika wenzao walimwinua wakamweka chini juu ya kitenge, na Chilufya akajivuta kwa mikono mpaka kitini.

"We yaya, kiti iko moto hivi!" Chilufya, aliyemwita dada yake mkubwa, alilalamika kila Jumamosi. "Ulikuwa unakalia ama ulikuwa unapika?"

"Kalia tu. Nimekuachia pointi kumi, usizimwage."

Watazamaji walicheka, wakawaita bwana na bibi wa kiti kimoja. Jioni Chilufya ndiye aliyerudi nacho Naviundu, maana kwao kulikuwa na chumba cha kufunga kwa kufuli. Kwa hiyo mama yake, Mama Victorine, pamoja na majirani wote, walikijua kama kiti cha Chilufya. Hakuna aliyeona haja ya kuwaeleza vingine.

Mwaka huu, katika mwezi wa mvua nyingi, homa ilimshika Chilufya siku ya Jumatatu. Alhamisi akafa.

Brigitte alikwenda kwenye kilio siku ile ile, akaketi mkekani pamoja na wanawake, akalia mpaka sauti ikamkauka. Kiti kilikuwa kimeegeshwa ukutani mbele yake, kimefunikwa kwa shati la marehemu. Wiki mbili mbele timu ilikuwa na mchezo Likasi, mchezo wao wa kwanza nje ya mji. Floribert, mwalimu wao wa michezo, akamwita kando.

"Brigitte, sema na mama sasa. Hajui kama kiti iko yenu wawili."

"Nitasema nini? Maiti haijatoka ndani, mimi nataja kiti?"

"Si kuomba. Ni yako pia."

"Nitasema wakisha kuvunja kilio."

Kwao ilikuwa hivyo. Kitu cha marehemu hakitajwi kabla kilio hakijavunjwa, yaani kabla waombolezaji hawajatawanyika baada ya maziko. Anayekitaja huonekana alifuata kitu, hakumfuata mtu. Na Brigitte alikuwa na haya kuliko wengi. Akarudi mkekani.

Jumamosi wakazika. Lori la waombolezaji lilikuwa limeinuka juu sana, na wanaume wanne wa Naviundu ambao hakuwajua walimbeba kumpandisha na kumshusha. Lakini makaburini udongo ulikuwa umelowa, magongo yakazama, na alipofika nyimbo zilikuwa zimekwisha. Juu ya udongo mwekundu aliona msalaba, na vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yao: sahani mbili zilizotobolewa, kikombe kilichotobolewa, na kiti. Mjomba wa Chilufya alikuwa amekata spoki moja moja kwa koleo, akapasua matairi na kitambaa cha kukalia, ili mwizi asikione kuwa na faida.

Mama Victorine akamshika mkono.

"Umeona, mutoto yangu? Nimemupa kiti yake. Huku duniani alitambaa chini toka mudogo, watu wanamucheka. Kule hatatambaa."

Floribert akafungua mdomo. Brigitte akamkanyaga mguu kwa ncha ya gongo.

"Umefanya vizuri, mama," akasema.

"Wewe ulikuwa unamuona kiwanjani. Alikuwa anakimbia kweli, ama alikuwa ananidanganya?"

"Alikuwa anakimbia, mama. Hakuna aliyemushika."

Mama Victorine akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, kisha kicheko kikageuka kilio, akamwegemea Brigitte kwa uzito wake wote, nusura waanguke pamoja.

Ndani ya lori Floribert alikaa karibu naye. "Pale Kamalondo kuko mafundi wa kuchoma vyuma. Spoki ni kitu kidogo. Nitazungumza na mjomba, turudi kesho tuichukue."

"Apana. Mama atarudi na maua siku ya marehemu wote. Akute nini? Akute mutoto wake anatambaa tena?"

"Na wewe, Brigitte?"

"Mutaenda watano. Watano wanatosha."

"Sikuuliza timu. Nakuuliza wewe."

Brigitte akageuza uso. Alitazama barabara mpaka wakafika mjini.

Siku ya mchezo wa Likasi alikuwa dukani mwake, akishona sare za shule. Ilipofika saa tisa, saa ya kuanza kucheza, aliona mikono yake imesimama juu ya kitambaa, haifanyi kitu. Akaitazama kitambo. Ikabidi aikemee kwa sauti, kama mtu anavyokemea watoto, ndipo ikarudia kazi.