Wanjiku Hakuwa na Presha

Kuna Jumapili moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na naikumbuka kwa sababu ya chumvi. Kaa hapa karibu na mjomba wako. Tangu utoke kliniki na majibu yako umekuwa na swali moja tu: utamwambiaje huyo kijana wako, na ukimwambia, ataondoka? Anti yako amenipa ruhusa nikusimulie. Siri ni yake, nisingeitoa bila yeye.

Siku hizo nilikuwa nachinja ng'ombe pale Dagoretti, na chumba changu kilikuwa Kabiria. Wanjiku, huyu anti yako, alifanya kazi ya nyumba Lavington, na Jumapili zake za mapumziko alikuja kwangu. Tulikuwa bado wachumba. Siku moja nikaona vidonge kwenye mkoba wake, akaniambia ni vya presha. Basi! Nikapiga chumvi marufuku. Mayai bila chumvi, mchuzi bila chumvi, mboga ya sukuma ina ladha ya maji. Hata matumbo niliacha kubeba kutoka kichinjioni, eti mafuta yatamdhuru. Wenzangu wakacheka, wakaniita daktari, na mimi nikajiona mwanaume wa maana sana. Kitu kimoja tu kilinisumbua: hakukubali tulale pamoja bila mpira. Nikadhani haniamini.

Jumapili hiyo nikampakulia chakula. Akaonja mchuzi, akasukuma sahani, akaanza kulia.

"Wafula, weka chumvi."

"Na presha je?"

"Sina presha. Niko na virusi vya ukimwi. Nilijua kabla tujuane, nikaogopa kukuambia."

Nikainuka, nikaipua sufuria iliyokuwa inaungua jikoni. Halafu nikakasirika, na upuuzi wangu ni kwamba nilianza na sukuma: "Yaani nimekula hiyo takataka miezi yote hii bure?" Akacheka huku analia. Ndipo hofu ikanishika, nikatoka nje. Sitakudanganya, nilitaka kukimbia. Kilichonirudisha ni kufikiria kwamba ameniambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akijua kabisa naweza kwenda nisirudi. Mtu kama huyo atanificha nini tena? Nikaingia, nikaweka chumvi, tukala.

Kesho yake akaomba ruhusa kazini, tukaenda kliniki pamoja. Nikapimwa, sikuwa navyo. Sasa nikaelewa ule mpira ulikuwa wa nani. Ulikuwa wangu, wa kunilinda, na mimi nilikuwa nikimnunia!

Kwa hivyo mwambie, mwanangu, na umwambie kabla hamjalala pamoja tena, ili naye akapimwe na achague akijua. Usimpe jina lingine la ugonjwa. Ukisema presha atakutibu presha, na mapenzi yake yote yataenda pasipohitajika. Mwambie mchana, mkiwa na akili zenu timamu, si mkiwa mmekunywa. Ukiona ni mtu wa mikono myepesi ya kupiga, usiende peke yako. Mwombe yule mshauri wa kliniki mkae naye nyote watatu. Na mweleze tulivyoelezwa sisi baadaye: ukimeza dawa kila siku mpaka kipimo kisione virusi, na ukaendelea hivyo, humwambukizi kitandani. Watoto wetu wawili unawajua, wazima wote.

Kwamba atabaki, siwezi kukuahidi. Wengine huondoka, na inauma sana. Lakini akiondoka atakuwa amemwacha mtu aliyemwambia ukweli, na huyo mtu ni wewe mwenyewe, utaendelea kuishi naye bila aibu.

Mungu akutie nguvu mdomoni siku hiyo. Akupe dawa zisizokatika, na mtu wa kukupakulia chakula akijua anampakulia nani.

Haya, anti yako anaita, twende tukale. Chumvi utaikuta kando, ujiwekee. Mwenye presha siku hizi ni mimi, na huyo mama amekataa katakata kula chenye chumvi mimi nikimwangalia.