Kikombe cha Maji ya Moto

Mjukuu wangu wa kike alipanda mlima kwa bodaboda, amepakata mtungi wa mbegu za nguruwe kama mtoto mchanga. Alikuwa anasomea mifugo chuoni mjini Morogoro, na mtihani wake ulikuwa huo: ampe mimba nguruwe wangu kwa mbegu zilizogandishwa. Dume wangu alishakufa, na majirani zangu wengi ni Waislamu, dume wa kuazima ningempata wapi?

Akanieleza kwamba mbegu hizo zikiyeyuka haziishi sana, kwa hiyo lazima jike awe amekolea joto la kutaka dume. Basi asubuhi na jioni nikawa namkalia mgongoni. Akikimbia, bado. Akisimama tuli, masikio wima, tayari.

Jirani yangu akachungulia. "Bibi, punda wamekwisha Uluguru?"

"Njoo nikupakie!"

"Astaghfirullahi!" Akaondoka anacheka.

Siku jike aliposimama, mjukuu alitia maji vuguvugu kwenye bakuli, akayapima kwa kipimajoto, akaingia bandani kumfuta jike. Nikachovya kidole. Haya ndiyo maji? Nimeogesha watoto saba kwenye baridi ya huku, mimi ndiye wa kufundishwa maji ya kiumbe? Nikaongeza kikombe cha maji ya moto kutoka chupa ya chai. Akarudi, akachovya mirija ya mbegu ziyeyuke, hakupima tena, akampandikiza jike.

Baada ya wiki tatu joto likarudi. Mimba hakuna. Mjukuu alikaa juu ya ndoo, daftari magotini.

"Mkono wangu mbaya, bibi. Nitawaambia walimu nimeshindwa. Kazi hii naacha."

Sikukaa na neno hilo tumboni hata dakika moja. "Mke mwenzangu, mkono wako hauna kosa. Niliongeza maji ya moto."

"Kiasi gani?"

"Kikombe."

"Bibi! Ulizipika!"

Nilingoja anitukane. Akacheka mpaka kamasi zikamtoka, kisha akaandika.

"Unanishtaki?"

"Naandika ilivyokuwa. Na mimi sikupima mara ya pili."

Hapo ndipo nilipomvulia kilemba. Mimi nilivyo, kama si yeye kutaka kuacha kazi, kosa langu ningelifukia jikoni. Yeye alilibeba pamoja na lake, akashuka mjini, akawaeleza walimu wake. Kesho yake alikuwa bandani kwangu na mtungi mwingine.

"Safari hii kipimajoto unashika wewe," akasema. Namba zinanichanganya, niliishia darasa la pili. Akachukua rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu kwenye kipimajoto. "Ikifika hapa, sema."

Nilikodoa macho mpaka yakauma. "Hapo!"

Wiki tatu zilipotimia nikaingia bandani. Nikamkalia. Akaruka kama amechomwa mwiba, akanibwaga kwenye tope, kanga huku, mimi kule. Hakusimama. Joto halikurudi!

Nikatoa simu kwa vidole vya kinyesi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kanibwaga! Kaandike!"