Reflekta Yenye Kiraka Chekundu

Mume wangu tulishamzika, na udongo wa kaburi haujakauka, nilipomwona anapita barabarani.

Sitanii.

Nilikuwa nimesimama mlangoni asubuhi. Nyumba yetu iko Ihanda, kando kabisa ya lami. Ukungu ulikuwa umeshika kama kawaida ya Karagwe kipindi cha mvua, hata migomba yetu wenyewe siioni. Ndani ya ule ukungu ikapita reflekta ya njano, ile fulana ya kung'aa wanayovaa bodaboda, na mgongoni ina kiraka chekundu cha kitenge.

Kiraka kile nilikishona mimi. Eliud, mume wangu, alikuwa ameichana, nikaziba kwa kipande cha kitenge changu. Wenzake kijiweni walimcheka mpaka basi, wakamwita bwana harusi.

Najua mnangoja niseme nilipiga yowe.

Wala. Nilisema tu moyoni, "Ah, ameenda kazini." Nikarudi ndani kukoroga uji wa mtoto.

Ndivyo nilivyokuwa. Ganzi tupu. Msibani sikutoa chozi hata la kuazima. Akina mama wa jumuiya walinikumbatia, wakanitikisa, mmoja akanifinya kabisa. Wapi! Nilikuwa nawaangalia tu, nikiwaza kama kuni zitatosha.

Eliud alikuwa bodaboda. Asubuhi ile aliaga, "Nafika hapa tu Kihanga, nakuja." Fuso ikamgonga kwa nyuma kwenye ukungu. Dereva alisema hakumwona, na watu walimwamini, kwa sababu Eliud alikutwa hana reflekta.

Eliud! Mtu aliyekuwa anaivaa hata akienda kuchota maji.

Siku ya kuanua matanga nguo zake zilitolewa nje wagawane ndugu, kama desturi. Mama mkwe wangu, Kokushubira, alikaa juu ya mkeka akazipekua moja moja.

"Reflekta iko wapi?"

Akaniangalia mimi.

"Mama Anastazi, nakuuliza wewe. Si uliifua?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sikumbuki."

Na kweli nilikuwa sikumbuki. Asubuhi ile nzima ilikuwa imefutika kichwani. Nilikumbuka sauti yake tu, sikukumbuka alivaa nini.

"Uliifua, ikalala kwenye kamba, wapita njia wakaichukua," akasema mbele ya ukoo. "Mwanangu akatoka mtupu. Ndiyo maana hulii. Unajua ulichofanya."

Tangu siku hiyo akaacha kula chakula changu. Napika ndizi na maharage, naweka mbele yake, anasukuma sahani. Anachuma parachichi, anakula peke yake uani, mama wa watu anakonda namwona. Na mama mkwe akikataa chungu chako, jamani, amekufukuza. Kilichobaki ni wewe kufunga mizigo.

Kibaya zaidi, nikaanza kumwamini. Usiku nalala najiuliza, niliifua? Nikaiacha kwenye kamba? Mimi ndiye nimemuua baba Anastazi?

Na katikati ya hayo, reflekta ikapita tena.

Siku ya mnada. Ukungu uleule, kiraka kilekile, inapita polepole mbele ya nyumba kama inatafuta mtu. Sikumwambia yeyote. Ningesema nimemwona marehemu wangenipeleka kwenye maombi, na mama mkwe angepata la kusema hadi Kwaresima.

Mara ya tatu hakuhitaji kuambiwa.

Alikuwa ameketi kizingitini anatafuna punje za kahawa kutoka kwenye kikombe. Mimi nafagia. Nikasikia kikombe kinaanguka.

"Eliud!"

Alipiga kelele ile ambayo mimi nilishindwa kuipiga msibani. "Eliud, mwanangu!"

Reflekta ikasimama.

Kisha ikageuka, ikaanza kuja kwetu. Mama mkwe akanishika mkono. Yeye, aliyekuwa hataki hata kunigusa! Ikatokeza baiskeli imebeba mikungu ya ndizi mpaka haionekani tairi ya nyuma, na pembeni yake mzee mwembamba anaisukuma.

"Shikamoo mzee," nikasema. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba, mama. Naitwa Mbonimpa. Ni kibarua, nasukuma ndizi za watu kutoka Nyabiyonza."

"Hiyo nguo umeitoa wapi?" Mama mkwe akamuuliza.

Mzee akaegemeza baiskeli kwenye mti.

"Alinivalisha marehemu mwenyewe. Nilikuwa nasukuma kwenye ukungu, akanipita, akasimama mbele, akazima pikipiki. Akasema, 'Mzee wangu, ndizi zimefunika taa yako ya nyuma, huonekani kabisa. Utakufa.' Akaivua, akanivalisha. Akasema nitamrudishia kijiweni."

Mzee akaonyesha barabara kwa kidole.

"Akarudi kwenye pikipiki anapiga kiki, haiwaki. Fuso ikaja nyuma yetu. Ikaniona mimi, ikanikwepa. Yeye haikumwona."

Nilisikia kila neno. Nilikuwa naangalia ile reflekta.

"Mbona hukusema?" mama mkwe akauliza. "Mbona hukusema, mzee?"

"Niliogopa, mama. Watu walijaa, nikaificha kwenye ndizi nikaondoka. Nilikuja msibani nikaishia hapo kwenye migomba. Nikasikia watu wanasema aliyeichukua reflekta ya marehemu alaaniwe. Nikageuka nikarudi."

"Sasa ukaamua kuivaa?"

"Kubisha hodi nilishindwa. Nikasema nitakuwa napita nayo hapa kila siku ya mnada, mpaka mtu wa nyumba hii anione."

Mama mkwe akakaa chini pale pale kwenye majani yenye umande. Akalia wee. Mimi nikasimama na ufagio wangu.

Mzee akaivua, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. Mama mkwe akaipakata. Nilidhani ataingia nayo ndani aifungie sandukuni.

Badala yake akainuka, akazunguka nyuma ya baiskeli, akaitandaza juu ya zile ndizi, akafunga kwa kamba ya mgomba. Kiraka kikawa kinatazama barabarani.

"Ukiivaa wewe, ndizi zinaificha nusu," akamwambia. "Zivalishe ndizi. Gari linaanza kuona hizo."

Kisha akanigeukia.

"Mama Anastazi, kuna ndizi zilizobaki jana?"

"Zipo, mama."

"Nipashie."

Alikula. Akaongeza. Mimi nilikaa kando nikimtazama anavyokula, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikahisi njaa. Kulia sikulia hata siku hiyo. Nililia baadaye sana, nikiwa nachambua mchele, na hakuna aliyekuwa amenigusa.

Watu wangu mnaosoma hapa, wa boda, wa baiskeli, na wewe unayesema "nafika hapa tu", nisikilizeni. Mume wangu alifanya jambo jema, na sitamlaumu kaburini. Lakini alikuwa na reflekta moja. Alipoitoa, akabaki yeye ndiye haonekani.

Kwa hiyo kama una roho ya kutoa, chukua mbili. Moja ya kumpa mtu, na nyingine usiivue.